Shimo Lililogoma Kuwaka

Njiti ya kwanza ilizimika kabla haijafika kwenye jiko.

Ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na najua wapo walionuna. Mwalimu Mboji alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko jipya la chuo, koki ya gesi kaifungua mpaka mwisho. Nyuma yake alisimama Bibi Mkaguzi, aliyetumwa na Mfuko wa Mazingira kuja kuona kama fedha walizotoa zimezaa kitu. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na wapishi wote jikoni walikuwa wamekodoa macho.

Aliwasha njiti ya pili. Ikawaka vizuri tu, ikateketea mpaka nusu, na jiko likakaa kama halihusiki.

Ya tatu ilimuunguza kidole.

"Ni kawaida kuchelewa hivi?" Bibi Mkaguzi aliuliza.

Haikuwa kawaida hata kidogo. Wiki mbili nzima jiko lile lilikuwa linawaka kwa majaribio kila asubuhi, moto wake umetulia, na wapishi walishaanza kulizoea. Leo, siku ya mgeni, halikutoa hata harufu.

Kwa wanaoanza nasi leo, nisiwaache njia panda. Mwalimu Mboji anafundisha somo la mimea, na jina hilo alipewa na wanafunzi kwa sababu hawezi kuongea dakika tano bila kutaja mboji. Ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Mazingira ya chuo, kamati isiyo na ofisi wala gari, na ambayo kiti chake pekee kina miguu mitatu. Kwa miaka mitatu amezunguka na wazo moja. Uchafu wa vyoo vya mabweni na makombo ya bwalo viingie kwenye shimo kubwa lililojengwa nyuma ya jiko, shimo litoe gesi, gesi ipike chakula cha wanafunzi mia tisa, na lori la kuni lisikanyage tena pale.

Fungu la kwanza la Mfuko lilijenga shimo na jiko moja. Fungu la pili ni la kujenga majiko matano yaliyobaki, na halitoki mpaka mkaguzi aone moto kwa macho yake.

Halafu yupo Dada. Huyu ni dada yake Mwalimu, tumbo moja, na ndiye mpika uji wa chuo kwa mwaka wa kumi na mbili sasa. Moshi umemkaa kifuani. Mwaka jana daktari alimwambia maneno machache, kwamba aache moshi au aache kazi. Kazi hawezi kuiacha, ana watoto watatu shuleni na mume amebaki picha ukutani. Mwalimu alimwahidi kwamba moshi ndio utakaoondoka. Ombi lote la fedha aliliandika akiwa na kikohozi kile masikioni.

Sasa majiko ya kuni yalishabomolewa mwezi uliopita, kwa sherehe na picha. Mpaka gesi ianze kazi rasmi, wapishi wanapikia nje kwenye mafiga, chini ya bati, na moshi wa hapo ni mara mbili ya ule wa zamani.

Bibi Mkaguzi alifunga daftari lake. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka kudanganywa.

"Ijumaa saa nne nitapita tena hapa nikirudi," alisema. "Nikiona maji yanachemka, natia saini. Nisipoona, kuna vyuo vingine kwenye orodha."

Mwalimu alianza kusema kwamba angemletea maelezo ya kitaalamu.

"Maelezo ninayo kabati zima, Mwalimu. Mimi nataka moto."

Aliyemsindikiza mgeni mpaka kwenye gari ni Makamu, yaani Makamu wa Mkuu wa Chuo, mshika fedha na utawala, mtu anayevaa suti hata jua likiwa la kupasua kichwa. Alitabasamu mpaka gari likapotea. Aliporudi jikoni tabasamu lilikuwa limebaki huko huko getini. Alimwambia Mwalimu mbele ya wapishi wote kwamba ameaibisha chuo, kisha akaenda zake.

Mwalimu alisimama pale na kidole chake kilichoungua. Alihitaji mtu wa kumlaumu, na mtu alikuwa karibu.

Mpishi Mkuu ni pande la mtu, mwenye mikono ya kunyanyua sufuria la lita sitini peke yake. Tangu siku ya kwanza alipinga gesi. Kila kikao alisimama akasema maharage ya gesi hayana ladha, akakaa. Na wiki iliyopita kuna mtu alimwona nyuma ya jiko, karibu na mfuniko wa shimo, ana ndoo mkononi. Mwalimu alipolikumbuka hilo, akili ikamruka.

"Wewe ndiye uliyeliharibu shimo langu."

"Umeniona?"

"Sihitaji kukuona. Miaka mitatu umekuwa ukiomba nishindwe."

Wapishi wanane waliacha walichokuwa wakifanya. Mpishi Mkuu hakubishana. Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka mezani kwa utaratibu wa mtu anayekabidhi kitu, akatoka.

Dada aliingia kutoka nje, macho mekundu kwa moshi.

"Umekosea, mdogo wangu," alisema, akakatishwa na kikohozi, akasubiri kipite. "Huyo ndiye anayenishikia mwiko kifua kikinibana."

Mwalimu alimpita akatoka. Mimi ningekuwa pale ningemvuta mkono, lakini kazi yangu ni kusimulia.

Jumatano asubuhi alifanya kile ambacho angepaswa kukifanya Jumanne kabla ya kufungua mdomo. Alivaa glavu na mabuti, akaenda nyuma ya jiko, akafunua mfuniko mdogo wa shimo.

Shimo lenye afya linanuka, na yeye ile harufu anaipenda, mtanisamehe kwa kulisema hilo gazetini. Siku hiyo halikunuka vile. Lilinuka kama korido ya hospitali iliyopigwa deki sasa hivi.

Alikaa chini palepale kwenye zege. Mtambo wa namna ile unaishi kwa vijidudu. Ndivyo vinavyokula uchafu, ndivyo vinavyotoa gesi. Mtu alikuwa amelimwagia shimo dawa ya kuua vijidudu, tena si kidogo, na vijidudu vyote vimekufa.

Kwa hiyo kweli kulikuwa na mhalifu. Mwalimu aliinuka na hasira mpya, akakata kiwanja mpaka kwenye chumba cha wafagiaji.

Hapa nisimamishe mambo kidogo, maana usipokijua chuo kile hutaelewa. Chuo kile kikisikia mgeni anakuja kinapatwa na homa. Mawe ya kando ya njia yanapakwa chokaa. Miti inapakwa chokaa mpaka magotini. Majani makavu yanafagiliwa hata msituni, na mbwa wa mlinzi anaogeshwa. Mgeni akija kukagua paa linalovuja, ataoneshwa mawe meupe. Ndivyo walivyorithi, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Mkuu wa wafagiaji anaitwa Mama Ndoo. Alikuwa anasuuza matambara. Mwalimu alimuuliza, kwa sauti ambayo hakuitumia hata kwa wanafunzi wazembe, nani amemwaga dawa.

"Sisi," alisema Mama Ndoo.

"Kwa amri ya nani?"

Mama Ndoo alijifuta mikono, akaenda ukutani, akatungua karatasi kwenye msumari. Waraka wa kurasa nne, wenye kichwa Maandalizi ya Ugeni. Aliufunua ukurasa wa pili, akaweka kidole kwenye namba kumi na moja. Vyoo vyote vya mabweni vimwagiwe dawa kali ya kuua vijidudu, madumu ishirini, siku tatu mfululizo.

Vyoo vyote vya mabweni vinaelekea shimoni. Kila mtu chuoni anajua, kwa sababu Mwalimu mwenyewe aliwachosha watu kwa kulisema.

"Nani alitia saini upuuzi huu?"

Mama Ndoo alifunua ukurasa wa nne, akausogeza mbele yake.

Mwalimu aliutambua mwandiko. Herufi ya kwanza ndefu, mkia mrefu wa mwisho, na nukta aliyozoea kuiweka bila sababu. Ilikuwa saini yake mwenyewe.

Alikumbuka yote kwa mara moja, na uso ukamsawijika. Wiki mbili nyuma alizungushwa siku nzima akitafuta kibali cha kununua kufuli la mfuniko wa shimo. Kufuli moja. Dirisha hili likamtuma dirisha lile, lile likamwambia njoo baada ya chakula. Mwishowe katibu muhtasi wa Makamu akamwambia kibali kipo, ila kwanza asaini waraka wa ugeni, maana wenyeviti wote wa kamati wanasaini. Mwalimu aliuegemeza ukutani, akafungua ukurasa wa nne, akatia saini, akachukua kibali chake akakimbia darasani. Kufuli likanunuliwa. Likafungwa juu ya shimo vizuri sana, na dawa ikaingia kwa mabomba ya chini.

"Na nilikuja kukuuliza," Mama Ndoo alisema taratibu. "Ijumaa, mlangoni pa darasa lako. Nikakwambia Mwalimu, hii dawa mbona nyingi? Ukaniambia nifuate karatasi."

Nilipofika hapa katika kuiandika hadithi hii niliweka kalamu chini. Miaka mitatu ya kupigania shimo, na aliyeliua ni yeye, kwa sababu ya kufuli la kulilinda.

Mwalimu aliichukua ile karatasi akaipeleka moja kwa moja kwa Makamu. Nia yake ilikuwa kukiri na kuomba chuo kimwandikie Bibi Mkaguzi, aombwe muda. Makamu aliusoma waraka kama hajawahi kuuona, ingawa uliandikwa ofisini kwake. Kisha akaenda kufunga mlango.

"Mtungi mmoja wa gesi ya dukani," alisema. "Unakaa nyuma ya ukuta. Mpira unaingia kwenye bomba lako. Mgeni anaona maji yanachemka, anasaini, anaondoka."

"Hicho ni kiini macho."

"Ni utawala, Mwalimu. Unataka kumwambia mfadhili kwamba chuo kimeua mradi wake kwa usafi?"

Mwalimu alimuuliza itakuwaje wiki ijayo, shimo likiwa bado limekufa. Makamu alimjibu kwamba wiki ijayo fungu la pili litakuwa limeshaingia. Alilisema hilo kwa upole wa baba anayemweleza mtoto kwa nini kunanyesha. Msisahau kwamba kila fungu linaloingia chuoni linapitia ofisini kwake, na ofisi yake ina matundu yake.

Mwalimu alikataa. Alitoka pale amekata tamaa kabisa, lakini deni moja alilijua. Alikuwa amemtukana mtu asiye na kosa.

Nyumba ya Mpishi Mkuu ipo nyuma ya kiwanja cha michezo, chumba na ukumbi na ua mdogo wenye ukuta mfupi. Alifika saa kumi jioni. Alibisha hodi akiwa amejipanga maneno, na mlango ulipofunguliwa maneno yote yakapotea.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema. "Ni mimi. Niliisaini ile dawa mimi mwenyewe."

Mpishi Mkuu alifungua mlango mpaka mwisho. Kisha akamwambia apite mpaka uani, anywe chai.

Uani kulikuwa na pipa jeusi la plastiki limefungwa mfuniko kwa waya. Kutoka kwenye pipa mpira ulipita dirishani, ukaingia jikoni, ukaishia kwenye jiko dogo la sahani moja. Juu yake birika lilikuwa linachemka. Mke wa Mpishi Mkuu alikuwa akitia majani ya chai bila haraka, kama mtu aliyepikia moto huo siku zote.

Mwalimu alilitambua pipa. Lilikuwa pipa lake la majaribio, lile la mwaka wa kwanza, alilolitupa nyuma ya stoo shimo lilipokubaliwa.

"Nililiokota," Mpishi Mkuu alisema. "Mwaka wa pili huu hatujanunua kuni. Na ile ndoo niliyoonekana nayo, nilikuwa nachota tope linalotokea kwenye tundu la nje la shimo, la kulishia hili."

"Sasa kwa nini kila kikao ulikuwa unanipinga?"

Hapo ndipo yule mtu mkimya alipofunguka. Alimuuliza kama amewahi kusimama mbele ya lile jiko jipya na sufuria mkononi. Fundi alipokuja kupima urefu alimpima nani? Alimpima Mwalimu, aliyekuwa amesimama pale na ramani. Jiko likajengwa la kumfika Mwalimu kiunoni, naye ni mrefu kuliko wapishi wote. Dada akilisimamia linamfika kifuani, na sufuria la uji ni lita sitini.

"Wewe hunyanyui sufuria, Mwalimu. Tunanyanyua sisi. Hukutuuliza hata siku moja."

"Ungesema."

"Mpishi akisema jiko liko juu anaambiwa mvivu. Akisema maharage hayana ladha, angalau wanacheka wanamsikiliza."

Mwalimu alikunywa chai ile kwa aibu, na ilikuwa nzuri. Alipomaliza aliuliza kama tope hai la kwenye pipa linaweza kulifufua shimo. Mpishi Mkuu alisema linaweza, shimo likishaondolewa dawa, ila si kwa siku mbili. Kwa wiki nne, tano. Kwa Ijumaa kuna njia moja tu, kulileta pipa lenyewe jikoni, kuchemsha birika mbele ya mgeni na kumweleza mambo yalivyo.

"Pipa nitalileta," alisema. "Lakini umwambie yule mama nani aliyeliua shimo. Asije akatajiwa Mama Ndoo, wala mimi."

Mwalimu alikubali. Mimi nilipumua hapo, nikadhani mambo yamenyooka.

Alhamisi walileta pipa kwa mkokoteni, wamelifunga kamba kama mgonjwa. Mpishi Mkuu alivaa tena aproni yake, ilikuwa bado palepale mezani, hakuna aliyethubutu kuigusa. Waliunga mpira kwenye jiko dogo, wakawasha. Moto ulitoka mdogo, wa samawati, wenye haya. Birika lilichukua nusu saa kuchemka.

Dada alisimama mlangoni, anatazama. Nje mafiga yalikuwa yanafuka na wenzake walikuwa wanapokezana kupepea.

"Hicho ndicho utakachomwonyesha?"

"Hicho, na ukweli wote."

"Mdogo wangu, hakuna mtu anayetoa fedha za majiko matano kwa sababu ya birika."

"Atanielewa."

"Ukweli wako utanipikia uji?" Dada aliuliza. Alitaka kuongeza neno, kifua kikakataa, akageuka akarudi kwenye moshi wake akiwa amejishika ubavu.

Mwalimu alitaka kumfuata. Badala yake aliinama akakaza waya wa pipa, na mimi simlaumu. Nani ana la kumwambia mtu anayekohoa?

Asichokijua Mwalimu ni kwamba Makamu naye alikuwa amemsikia Dada, na alimfuata.

Ijumaa ilifika. Saa nne kasoro dakika mbili gari la Bibi Mkaguzi lilisimama nje ya bwalo. Safari hii mawe yalikuwa na chokaa mpya, la sivyo chuo kingeumwa. Jikoni walisimama Mwalimu, Mpishi Mkuu kando ya pipa lake, Dada kando ya jiko kubwa, na Makamu katika suti ya kijivu. Wapishi wengine walijipanga ukutani.

Mwalimu alipiga moyo konde. Alikuwa ameshafungua kinywa aseme, "Mama, kabla sijawasha chochote," lakini Dada alimtangulia. Alifungua koki ya jiko kubwa, akawasha njiti moja, akaisogeza.

Moto ulilipuka kwa kishindo, mkubwa, wa samawati iliyokolea, ukalamba sufuria pande zote. Maji yalikuwa kidogo, na hayakuchelewa kuanza kutoa mvuke. Makamu alipiga makofi. Wapishi wakafuata, wengine wakiwa na machozi ya kweli, maana hawakujua. Bibi Mkaguzi alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie katika hadithi hii.

"Huo si wetu," Mpishi Mkuu alinong'ona.

Mwalimu alikuwa ameshajua. Pua yake inaijua harufu ya shimo, na ile ilikuwa harufu ya duka. Alimtazama Makamu, akakuta Makamu haangalii moto, anamwangalia yeye. Alimtazama Dada. Dada alikuwa anaangalia sakafu.

Bibi Mkaguzi alivuta kiti, akakaa, akatoa fomu kwenye mkoba. Alisema amefurahi, alishajiandaa kuondoka na habari mbaya. Akaigeuza fomu upande wa Mwalimu na kumpa kalamu.

"Wewe kwanza, kama kiongozi wa mradi. Kisha mimi."

Mwalimu aliketi akashika kalamu. Dada alikuwa amesogea kando yake, na chini ya meza akamshika kifundo cha mkono wa pili, akakaza.

"Tia tu," Dada alisema, sauti ya kusikiwa na mtu mmoja. "Mara ngapi umetia bila kusoma?"

Lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli na kwa sababu lilitoka kwa mtu aliyemlea. Akaona katika kichwa chake majiko matano, yamepunguzwa urefu, hayana moshi, na dada yake anakoroga uji bila kushika ubavu. Saini moja tu ilibaki.

Akaanza kusoma.

Alisoma polepole, midomo ikicheza. Alisoma jina la chuo na tarehe. Alisoma ukurasa wa kwanza wote, akafunua wa pili, na Makamu akakohoa kikohozi cha heshima, cha kumhimiza. Alisoma namba moja mpaka namba tisa. Namba tisa ilisema: Nathibitisha kwamba moto niliouonyesha leo umetoka kwenye mtambo uliogharimiwa na Mfuko.

Aliweka kalamu chini.

"Mama," alisema, "siwezi kusaini hii. Naomba unifuate nyuma ya ukuta."

Mkono wa Dada ulimwachia.

Hapo makofi yalikuwa yameshakufa na kilichosikika ni maji yanachemka. Makamu alikuwa mwepesi kuliko suti yake. Kabla Bibi Mkaguzi hajainuka, yeye alishafika mlango wa nyuma na mkono wake umeziba njia.

"Huko nyuma panafanyiwa usafi," alisema. "Mgeni atachafuka."

"Nimeshachafuka kwingi," Bibi Mkaguzi alijibu, akafunga kalamu yake. Hakuwa anatabasamu tena. Alimgeukia Mwalimu. "Huu moto ni wa nani?"

Mwalimu alitaka kusema ni wake, jukumu ni lake, kama alivyoahidi kwa Mpishi Mkuu. Dada hakumpa nafasi. Alikuwa ameshavua aproni yake, anaikunja mara nne, kama vile alivyoona mwenzake akifanya Jumanne.

"Mtungi nimeubeba mimi," alisema, na safari hii alisikika chumba kizima. "Mdogo wangu hajui kitu. Ila funguo za stoo nilipewa, pamoja na ahadi."

Mkono wa Makamu ulishuka mlangoni polepole.

"Ulipewa na nani?" Bibi Mkaguzi aliuliza. "Na uliahidiwa nini?"

Dada alifungua kinywa ajibu, na kikohozi kikamwahi. Alikohoa akiwa ameishika meza, akakohoa mpaka akakaa chini sakafuni na aproni yake mapajani. Mwalimu alipiga magoti, akamshika mgongo. Kitambaa cheupe alichojifuta nacho Dada kilikuwa na doa jekundu, na wa kwanza kuliona alikuwa Makamu. Tuachane hapa mpaka wiki ijayo.